Kujaza Uwanja

Siwema aliinama chini ya meza akachomeka waya wa mwisho wa mtandao. Programu ile ya kutengeneza picha ilikuwa na kiburi: bila kompyuta nne zenye kumbukumbu kubwa, tena zilizounganishwa pamoja, haifanyi kazi.

"Sasa zinaonana," alisema.

"Basi nijazie watu," alijibu Bwana Shomvi, mwenye studio, huku akitafuna sambusa. "Mheshimiwa anataka uwanja ufurike. Waliokuja mkutanoni kwake hawajazi hata ukumbi wa harusi."

Alikuwa ameshachagua mtu mmoja kwenye video ya mkutano. Siwema alibofya, na programu ikaanza kumnakili safu kwa safu: mwanamke mwenye kanga ya kijani, mkono juu, mdomo wazi. Siwema akasogea karibu na kioo cha kompyuta.

"Huyu ni mama yangu," alisema. "Hakuwa anashangilia. Alikuwa anamwuliza Mheshimiwa kwa nini wamemvunjia nyumba."

"Sauti tumeshaitoa, dada. Mkono umeinuka vizuri, yatosha." Akajilamba mafuta vidoleni, akamgusa begani. "Mwongeze mpaka kule nyuma."

Siwema alijipangusa bega, kisha akakipangusa kiganja ukutani. Akapiga magoti, akaushika ule waya wa mtandao. Feni za kompyuta zilivuma. Kutoka pale chini aliwaona mama zake wakizidi kujaa uwanjani, wote midomo wazi, na yule wa mwisho alikuwa bado hajapata uso.