Wanajuaje Kabla?

"Nyuma ya mlango! Yuko nyuma ya mlango!"

Banda zima la video pale Nyasho lilipiga kelele, na jambazi mwenyewe hajatokea bado. Mzee Keraryo, mwenye banda, alikodolea macho ukuta wa kuonyeshea picha. Ndipo jambazi akaingia kwenye mwanga wa taa na panga lake.

"Watu wanajuaje kabla?" alimbana Gasper, mtoto wa marehemu dada yake, anayeendesha mitambo. "Muvi hii umeipeleka wapi?"

"Sijaipeleka popote, mjomba. Hii projekta mpya inatoa giza la kila aina, jeusi na jeusi zaidi. Ile ya zamani ilikuwa inachanganyaga yote."

"Giza ni giza, bwana! Usinifanye mtoto."

Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea. Kelele hizi zilianza na projekta hiyo hiyo. Bila shaka kijana anauza kopi mitaani, halafu watu wanakuja kumcheka yeye. Ilimuuma, maana amemlea Gasper kama mwanawe. Hata nyumbani siku hizi ni visa tu: juzi magharibi yeye mwenyewe alijikwaa kwenye kigoda mlangoni, akawagombeza wote kama vile wamemtegea.

Jumamosi akaenda Bunda mwenyewe kununua muvi mpya kabisa. Flashi akaifunga kwenye leso, leso akaitia mfukoni, na hakuitoa mpaka watu walipokwisha kukaa.

"Hii hujaigusa," alimwambia Gasper. "Leo wakinyamaza, mwizi ni wewe. Utafunga nguo zako urudi Butiama."

"Sawa, mjomba." Machozi yalikuwa yanamlenga kijana wa watu.

Keraryo akakaa na mkewe Hilda, aliyeshuka mchana huo kwenye mtumbwi kutoka kisiwa cha Rukuba, ambako alikuwa akikausha dagaa tangu mwezi uliopita. Huyo angalau hakuwa kwenye njama.

Staringi akaingia kwenye nyumba isiyo na taa. Banda likawa kimya. Hata kikohozi hakikusikika.

"Umeona?" Keraryo alinong'ona kwa uchungu. "Wamenyamaza. Mtoto wa dada yangu, jamani!"

Hilda akamkamata mkono kwa nguvu.

"Mama yangu! Nyuma ya pazia!" alipiga ukelele, na banda zima likaitikia.

"Nani? Wapi?"

"Si huyo hapo, baba Boke! Amesimama anatutazama!"

Keraryo alifikicha macho, akatazama tena. Ukuta ulikuwa mweusi tii.