Kufuli la Jikoni

Kufuli lilikuwa mahali pake, halijaguswa. Ufunguo ulikuwa kwenye pindo la leso ya Mwanafatuma, umekazwa kwa mafundo mawili, pale pale alipoufunga baada ya daku. Lakini alipofungua jiko na kutumbukiza ufito mtungini, maji yalikuwa yameshuka tena. Vidole vinne vizima, saa nane mchana, mwezi wa Ramadhani!

"Hasbiyallahu," alisema.

Ilikuwa siku ya tatu. Katika nyumba ile ya Gazi mchana walishinda watu wawili tu: yeye na Bushra, mke wa mwanawe. Adnan mwenyewe hutoka alfajiri kwenda kazini Diani. Na paka hafungui kufuli. Sasa hesabu hiyo yataka mwalimu?

Siku ya kwanza alidhani mtungi unavuja. Akaupapasa chini, mkavu. Siku ya pili akanunua kufuli. Leo hakuwa na shaka tena kwamba yule binti wa watu ameshachonga ufunguo wa pili huko Ukunda.

Mwanafatuma si mtu wa kuchezewa. Alikuwa amefunga Ramadhani hamsini, mojawapo akiwa na homa. Ya mwaka huu ilimkaza kweli: midomo ilimkauka, leso sasa ilimzunguka mara mbili kiunoni, na safari za chooni, ambako hata sisimizi walikuwa wamehamia, hazikumwisha. Hakulalamika. Lakini yeye abanwe na kiu, mwenzake ajinywee? Hilo lilimuuma.

Alimwita Bushra uani.

"Mwanangu, una udhuru?"

"Sina, mama. Nimefunga."

"Basi nani anakunywa maji ya mtungi?"

Bushra aliinua macho, akaitazama leso ya mavyaa wake iliyolowa kifuani. Mwanafatuma akajipangusa, maji ya udhu hayo, nini kimeyachelewesha kukauka? Bushra akainamisha kichwa.

"Ni mimi, mama. Niwie radhi."

"Na ufunguo umeupata wapi?"

Bushra akajibu polepole: "Nimechonga."

"Ulete."

"Umenipotea."

Muongo, tena muongo asiyejua hata kuongopa! Hasira zilimpanda Mwanafatuma hadi utosini. Alichukua simu akampigia Adnan: aje sasa hivi, amrudishe mkewe kwao Majoreni, na Idi imkute huko huko. Ama abaki yule, ama abaki mama yake.

"Nipo njiani, mama," alisema Adnan kwa sauti ya kuchoka. "Si umenipigia sasa hivi tu?"

Masihara gani haya, siku kama ya leo? Akakata simu.

Adnan alifika alasiri, shati limemganda mgongoni. Bushra alikuwa amekaa kizingitini na begi lake, macho mekundu. Miaka minne ya ndoa ilikuwa imeingia katika begi moja.

"Bushra, niambie kweli," alisema Adnan.

"Nimeshamwambia mama."

"Niambie mimi."

Bushra alimtazama mumewe kwa muda mrefu, kama anayetaka kusema neno na kuogopa litakapoangukia.

Adnan alimpenda mkewe, na mama alikuwa naye mmoja tu. "Mama," alijaribu, "ni maji tu..."

"Si maji, ni swaumu! Anayemdanganya Mungu mchana kweupe, wewe atakuachia nini? Chukua begi hilo."

Adnan aliliinua begi. Lilikuwa jepesi, na wepesi ule ulimtia uchungu zaidi. Bushra akasimama, akavuta buibui lake vizuri, akatangulia hatua mbili kuelekea mlangoni.

"Ngojeni kwanza," alisema Mwanafatuma. "Msije mkasema mbele za watu kuwa nimemsingizia. Njooni mwone."

Aliwaongoza hadi jikoni. Akafungua fundo la kwanza, akafungua la pili, akafungua kufuli. Akawasimamisha mbele ya mtungi, yeye akiwa upande wa pili, akainua kidole juu.

"Wallahi, tangu daku ulimi wangu mimi haujaonja hata tone."

Akafunua mtungi, akachota kata tele, akanywa. Alikunywa taratibu, macho ameyafumba, hadi tone la mwisho, na maji yakamchirizika kifuani. Akaitundika kata msumarini, akafunika mtungi, akakaza ufunguo kwenye pindo la leso kwa mafundo mawili.

Kisha akamgeukia mwanawe.

"Haya," alisema, "mbona sasa umeliweka chini begi?"