Kapu la Mkate la Verna

Kaylene aliisukuma simu yake hadi chini kabisa ya kapu la mkate, akailaza kifudifudi, akaomba isilie.

Ndiyo ilikuwa desturi ya kikundi chao cha akina mama wanaowafundisha watoto wao nyumbani badala ya kuwapeleka shule. Kila Alhamisi asubuhi walikutana jikoni kwa Verna, simu zote kapuni ili wasikilizane. Watoto hawaletwi.

"Wanao wako wapi leo, Rhonda?" Verna aliuliza, akikata keki ya mdalasini.

"Kwa babu yao. Wanahesabu ng'ombe."

"Hesabu hiyo. Na wako, Jolynn?"

"Wanachimba minyoo na baba yao."

"Sayansi."

"Wyatt amelala," alisema Kaylene. "Somo la afya."

Walicheka, na Verna akamkatia kipande kikubwa kuliko cha mtu yeyote.

Ndivyo alivyokuwa Verna. Mume wa Kaylene alipovunjika mguu, aliwaletea supu kila jioni, akaondoka na nguo chafu, akazirudisha zimepigwa pasi. Rhonda naye alimpa vitabu vya wanawe wakubwa, kurasa zimegandishwa na jamu. Jimbo zima la Missouri, Kaylene hakuwa na watu wengine.

Ila kuhusu shule, Verna hakuwa na msamaha. "Unawapelekea mtoto mwenye akili, wanakurudishia mtoto mwenye chawa." Trudy, mwenzao wa zamani, alipomwandikisha binti yake shule, hawakumwalika tena. Bakuli lake la saladi walimrudishia bila kuliosha.

Na Kaylene, tangu Krismasi, alikuwa akimpeleka Wyatt shule ya mji wa pili, mtoto kajilaza kiti cha nyuma chini ya blanketi. Hesabu za sehemu zilikuwa zimewaliza wote wawili. Sasa Wyatt anasoma kwa sauti hata boksi la konfleksi. Marafiki anao tele, ingawa akiulizwa ni akina nani, anacheka tu. Asubuhi hiyo alikuwa amejikuna kichwa njia nzima.

"Leo tuzungumzie uaminifu," alisema Verna. "Mtoto anajifunza kusema kweli kwa nani? Kwa mama yake."

Jolynn alikohoa. Rhonda aliitazama keki kama vile inamdai.

Kaylene aliikumbuka ile supu. Aliweka uma chini. "Verna, kuna jambo nimewaficha."

Kapu likatetemeka.

Kaylene alijua ni simu yake. Alipekua, akaipata, akataka kuifunika kwa kiganja, lakini Verna alikuwa keshavaa miwani na kuinama begani kwake. Akasoma kwa sauti, neno moja moja.

"Kutoka shuleni. Chawa wameonekana. Wazazi wote, tafadhali njooni mchukue watoto."

Kaylene alianza kukusanya koti lake, na bakuli alilokuja nalo.

"Keti," alisema Verna.

Kapu likatetemeka tena. Kisha tena, na tena, simu zikigongana humo ndani kama vyura kwenye ndoo, mpaka simu ya Verna ikaruka nje na kutua katikati ya keki, maneno yaleyale yaking'aa juu yake.

Verna aliifuta mdalasini kwa aproni, akajikuna nyuma ya sikio.

"Haya," alisema, "nani amekuja na gari la kututosha wote?"