Shemeji Ndani ya Kikapu

Siku hizi winchi hainyanyui mafundi mpaka mtu wa nyumbani kwa dereva wake apande nao kwenye kikapu cha chuma. Wakubwa waliona hakuna dereva atakayemwangusha mtu wake, na kweli vifo vya kuanguka vilikoma.

Asubuhi hiyo fundi Ngwale alipanda na wenzake, pamoja na Shomari, mume wa dereva Mwanakheri. Kikapu kilipofika juu kabisa kilisimama, kikaanza kuyumba. Ndipo Ngwale alipoona vidole vya Shomari vimechubuka.

"Shemeji," aliuliza polepole, "jana ulimfanya nini dada yetu?"

Shomari aliinamisha kichwa. Ngwale akatazama kwenye kibanda cha winchi. Mwanakheri, jicho limevimba, alikuwa anajifuta damu mdomoni kwa mkono wa kushikia breki.