Siafu Juu ya Shuka

Nakutegea hiki: siafu weusi juu ya shuka nyeupe, kwa wenzio wametulia, kwako wanatembea. Ukishindwa usinipe mji. Mjukuu wangu wa miaka tisa atakutegulia.

"Ni herufi," alimwambia mwalimu anayepima watoto waliochelewa kusoma. Kidole chake kilikuwa kimekwama kwenye mstari wa kwanza. "Nikizitazama zinatembea."

Mwalimu hakumkemea. "Huyu si mvivu, wala si mjinga," alituambia. "Atafundishwa kwa njia yake, na atasoma." Kisha akavuta fomu. "Nyumbani kuna mwingine aliyepata shida hii?"

"Kwetu hakuna," nikadakia. "Mimi nimeishia la saba, na barua za mtaa mzima nilizisoma mimi."

"Bibi, umeulizwa shida, hukuulizwa sifa," mjukuu akanitania.

Tulicheka, isipokuwa baba yake, mwanangu, fundi wa kuchomelea. Yeye alikuwa anakitazama kidole chake cha shahada kilichopinda. Yeye huwaambia watu kwamba alianguka. Nilikivunja mimi kwa mwiko, naye ana miaka tisa, aliposhindwa kusoma ukurasa uleule mara ya tatu. Nilimwita mvivu. Hakushika kitabu tena.

Binti yake akakishika kile kidole. "Baba, na kwako zinatembea?"

Mwalimu alisubiri na kalamu yake. Mimi nilitazama sakafu.

"Zinatembea, mwanangu," akasema. "Mpaka leo."