Dawati la Wanaohama

Sauti ya mke wake iliingia masikioni mwake kupitia hedifoni, ikamwita dada.

Alinyamaza. Kwenye dawati lile kunyamaza kulikuwa kosa. Kazi yao ilikuwa kuwabembeleza wateja wanaotaka kwenda kampuni nyingine ya simu na namba zao, na tangu washindani waanze kuuza intaneti kwa bei chee, wateja walikuwa wakihama kwa makundi. Yeye alikuwa hodari kuliko wote. Wenzake walimwita Gundi, kwa sababu mteja akimgusa habanduki.

Simu yenyewe hata haikuwa yake. Aliyeipokea kwanza ni rafiki yake wa kiti cha pili, mtu aliyemsimamia siku ya harusi yake. "Huyu amenishinda," alimwambia huku akimrushia. "Msikilize wewe."

"Karibu, mpendwa mteja," Gundi alisema hatimaye. "Nikusaidie nini?"

Sauti iliyofika upande wa pili haikuwa yake. Kampuni ilikuwa imeweka programu inayozigeuza sauti za wahudumu wote, wanaume kwa wanawake, ziwe sauti moja ya mwanamke mpole. Wateja hawakujua. Wahudumu walikatazwa kulisema jambo hilo hata nyumbani, na mwenzao mmoja aliyejitambulisha kwa shangazi yake aliyepiga simu alifukuzwa siku hiyo hiyo. Gundi alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini hilo hakuwa amemwambia mke wake.

"Nataka kuitoa namba yangu kwenye kifurushi cha familia," mke wake alisema. "Naihamisha."

Kidogo acheke. Alidhani mke wake amedanganywa na tangazo la barabarani, akaanza kazi kama alivyozoea. Akampa dakika za bure. Akamwongezea intaneti. Akamsifia mnara mpya uliosimikwa karibu na mtaa wao, mpaka mwenyewe akajiona amesema vizuri. Mke wake alimwacha amalize.

"Mtandao wenu hauna shida, dada. Ninayemhama ni mume wangu."

Gundi aligeuka pembeni. Rafiki yake alikuwa ameikodolea macho skrini iliyozimwa.

Angeweza kukata simu. Angeweza kusema ni mimi. Lakini simu zote zilirekodiwa, na kilichomzuia zaidi ya hofu ya kufukuzwa ni kwamba alitaka kujua. Akameza mate, akauliza swali lililoandikwa kwenye mwongozo wa kazi: mteja alianza lini kufikiria kuhama?

Mke wake alieleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kulia nyumbani. Amepata kazi mji mwingine. Gari la mizigo liko mlangoni. Mama mkwe anajua, na ndiye aliyekuja kumsaidia kufunga vyombo. Rafiki wa mumewe, yule aliyewasimamia harusi, naye anajua. Wote wanamhurumia mume, ila hakuna aliyethubutu kumwambia.

Jumapili tu Gundi alikuwa mezani kwa mama yake, akipiga soga, na mama akicheka mpaka akafuta machozi. Na asubuhi ya leo mke wake alimnyooshea kola na kumtakia kazi njema. Wamemzunguka wote, hata aliyemzaa.

"Anakupiga?" aliuliza, ingawa jibu alilijua.

"Hapana."

"Ana mwanamke mwingine?"

"Hana. Ni mtu mwema, watu wanampenda."

"Sasa kosa lake nini?" Swali hilo halikuwa kwenye mwongozo.

Mke wake alishusha pumzi. Akasema mwaka jana alipata mimba, wakati walipokuwa wameshakata tamaa. Alikuwa akisubiri siku nzuri ya kumwambia mumewe, lakini mimba ikaharibika kabla siku hiyo haijafika. Alikwenda hospitali peke yake, akarudi peke yake, akakaa sebuleni akimngoja.

"Akaingia na tuzo ya mhudumu bora. Akaisimulia toka mlangoni mpaka mezani. Nikasema acha amalize, nitamwambia. Alipomaliza akaniuliza chumvi iko wapi. Mpaka leo nikianza neno, yeye ndiye anayelimalizia."

Gundi aliikumbuka tuzo. Ilikuwa ya kioo, na bado ilikuwa juu ya kabati. Chumvi hakuikumbuka. Uso wa mke wake wa jioni ile aliutafuta kichwani, asiupate.

Kisha hasira zikampanda. Jambo zito kama hilo kalificha mwaka mzima, halafu anakuja kulimwaga kwa mhudumu wa simu, mtu asiyemjua wala kumwona. Mtoto wao, na yeye anasikia kama mgeni.

Alipofungua kinywa, programu iliyalainisha maneno yake yote, yakatoka matulivu kana kwamba anatangaza ofa.

"Mngoje jioni, dada, nakuomba. Mwambie haya haya uso kwa uso. Huenda safari hii akakusikiliza mpaka mwisho."

Upande wa pili injini ya gari iliwashwa.

"Amekwisha kunisikiliza," mke wake alisema. "Ufunguo nimeuacha kwa jirani, mume wangu."