Udongo Wenye Alama ya Mguu

Nguchiro alikuwa mpelelezi hodari, ila hakujua kutulia. Mayai ya Kanga yalipoibwa, alikata bonge la udongo mbichi lenye alama ya mguu wa mwizi, akamkamata Kicheche, kisha akampelekea Nungunungu, mtunza vielelezo, udongo ule.

Nungunungu aliufunga kwa jani la mgomba, akaupiga lakiri ya nta. "Afande, huu haufunguliwi mpaka mahakamani."

"Na kama alama imefutika?" Nguchiro aliuliza asubuhi. Akafungua, akaibonyeza alama kwa mguu wake kuhakikisha ipo, akafunga. Adhuhuri akarudi. Jioni tena, na siku zilizofuata vivyo hivyo. Kila mara Nungunungu aliguna, akamwandika daftarini.

Siku ya kesi, mguu wa Kicheche haukuingia kwenye alama ile. Hakimu Nyati akamtazama mpelelezi.

"Hebu weka wako."

Ukaingia barabara.

"Daftari linasema umeufungua mara kumi na tisa," alisema Hakimu. "Kicheche, nenda zako."

Kicheche alipompita Nguchiro, aliinama akamnong'oneza, "Wiki nzima sikupata usingizi kwa ajili ya udongo ule, afande. Kumbe ulikuwa kwenye mikono salama."